Usukani au Pedeli

Karatu
8 Februari 2004

Kwako Anneth, mtoto wa dada yangu,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani hata kama barua yako imechelewa. Huku tupo. Upepo wa mwezi wa pili unatulisha vumbi jekundu mpaka kwenye chai. Mama Inosenti yuko Ganako tangu asubuhi anatayarisha shamba. Akirudi atalalamika mgongo, kisha atakataa kupumzika, unamjua. Inosenti bado anafundisha sekondari na bado hajaoa, nasi tumeacha kumuuliza. Mimi sijambo. Mguu ni ule ule.

Sasa habari yenyewe. Ile kompyuta uliyompa Abdulmajid wa duka la vipuri atuletee, pamoja na ule mchezo wa kurusha ndege, imenitoa kitandani. Nasema kweli. Tangu kiharusi kinipige mwezi wa nane nilikuwa natazama dari tu, na dari yetu haina habari mpya. Siku hizi nikishakunywa uji naketi mezani, nashika kile kifimbo cha kuongozea ndege kwa mkono wa kulia, napaa kutoka kiwanja cha Manyara. Miaka yote nimekwenda pale kupokea wageni, nimeegesha Landrova juani, nimeinua kibao chenye jina la Mzungu, na sijawahi kuingia ndani ya ndege hata kufagia. Leo rubani ni mimi. Nakata juu ya mashamba ya kahawa, napita Karatu (nyumba yetu hawakuiweka, wameweka majani matupu), nafika ukingo wa kreta. Anneth, kutoka juu kreta yote unaiona mara moja. Nimeishuka na kuipanda mara nyingi kuliko nilivyokwenda kanisani, na sikujua ni nzuri namna ile.

Ila kile kifimbo ni kitu cha watoto. Kinanitia aibu mbele ya wageni. Abdulmajid anakuja huko mwezi wa nne kufuata vipuri, ameniambia ana nafasi ya boksi moja tu, lisizidi kreti ya soda. Inosenti amesoma kwenye mtandao, anasema vya kuongeza ni vitatu: usukani wa ndege, wenzo wa kutia moto injini, na pedeli za miguu. Tuchague kimoja kianze. Nimefikiri nikaamua. Usukani. Dereva bila usukani ni abiria.

Usijisumbue kupiga simu. Simu za huku zinakatikakatika, na barua mtu anaweza kuisoma mara mbili.

Mjomba wako,
Niko


Deira, Dubai
3 Machi 2004

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma mara tatu, moja zaidi ya ulivyotaka. Mimi mzima. Bado niko mapokezi pale hotelini, nasimama kutwa nikitabasamu mpaka mashavu yanauma. Chumbani tuko watatu, Mkenya mmoja, Mfilipino mmoja na mimi. Yule Mfilipino anapika wali alfajiri kila siku ya Mungu. Juzi niliota mtori wa Mama Inosenti, nikaamka na hasira.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda duka la vitu vya kompyuta. Nilikaa kwenye kiti chao nikajaribu vyote vitatu. Usukani ni mzuri, mweusi, una vishikio viwili kama pembe za mbuzi. Najua kwa nini moyo wako umeukimbilia. Lakini muuzaji aliniuliza, huyo mjomba wako ana nini sasa? Nikasema kifimbo. Akasema kifimbo kinafanya kazi yote ya usukani, usukani ni raha ya mikono tu. Moto wa injini unautia kwa kubonyeza kibodi. Kinachokosekana ni miguu. Ndege ikiwa chini inaelekezwa kwa miguu, na ikiwa juu bila miguu inakwenda upande upande. Kwa hiyo mimi nasema pedeli kwanza.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili unaijua, na sitazunguka. Nilimpigia Mama Inosenti. Ameniambia hujakwenda mazoezi tangu kabla ya Krismasi. Ameniambia yule dada wa mazoezi alisema mguu wa kushoto haujafa, umesahau tu, na mguu usioitwa unazidi kusahau. Usipouamsha mwaka huu utabaki hivyo. Mjomba, pedeli ni namna ya kuuita.

Nilimwomba akupe simu. Nilikusikia ukipumua, kisha ikakatika. Ni mtandao au ni wewe?

Mpwa wako akupendaye,
Anneth


Karatu
28 Machi 2004

Anneth,

Marahaba. Ilikuwa mtandao.

Mvua zimeanza, tunamshukuru Mungu. Malori ya vitunguu ya Mang'ola yanakwama tena pale pale yanapokwama kila mwaka, na madereva wanashangaa tena kana kwamba hawajawahi kuona tope. Mama Inosenti amepanda maharage. Jumapili iliyopita walinitembelea Metui na Lembris, wale vijana wangu wa kazi, sasa wanaume wenye vitambi. Metui ndiye amepewa Landrova yangu. Sikulia. Aliniambia gia zinamlalamikia wakati wa kushuka kreta, nikajua mara moja kosa lake. Nikamwambia, bwana, kule hushuki kwa breki. Breki zitashika moto ukiwa bado nusu ya njia, na wageni wako nyuma wanapiga picha hawajui kitu. Unaweka gia ya kwanza kule juu, kabla ya kona, halafu unaiacha injini ikushike. Mguu wa kulia unaupumzisha karibu na breki, na wa kushoto...

Basi. Alinielewa.

Sasa umenitajia yale mazoezi ya hospitali, acha nikujibu, kisha tusirudi huko. Yule dada wa mazoezi ni mtoto mzuri na sina ugomvi naye. Aliweka kopo tupu la maziwa sakafuni, mbele ya mguu wangu, akasema, "Haya babu, lisukume." Babu! Benchi zima linatazama, na katikati yao mama mmoja wa Enguserosambu ambaye niliwahi kumpa lifti na watoto wake wote. Nililitazama lile kopo. Niliuambia mguu, nikauambia tena, nikautukana kimoyomoyo kwa Kichaga. Kopo halikwenda popote. Yule mama akageuza uso ili asinione, na hicho ndicho kilichoniuma.

Kwenye ile ndege, Anneth, mimi si mgonjwa. Ndicho kitu pekee nilichobaki nacho ambacho hakiniulizi habari za mguu. Sitaki kuletewa kopo jingine kutoka Dubai. Usukani. Kwa mkono mmoja nitaumudu.

Mjomba wako,
Niko


Deira
25 Aprili 2004

Shikamoo Mjomba,

Barua hii Abdulmajid anakupa mkononi pamoja na boksi. Nakuomba uisome kabla hujafungua.

Nakumbuka ulivyonifundisha gari. Ilikuwa kiwanja cha mpira cha shule kule Ganako, mwaka uliofuata baada ya mama kufariki, na nadhani ulikuwa unatafuta cha kunifanyia nisikae nikilia. Uliizima Landrova, ukanikalisha kiti cha dereva, ukaufungua mtandio wangu ukanifunga nao mikono mapajani. Kweli ulinifunga! Nisiguse usukani. Ukasimama mlangoni unaimba, "Klachi, breki, moto. Klachi, breki, moto," na mimi nakanyaga gari lisilokwenda, wavulana wamekaa kwenye uzio wanatucheka. Juma zima. Nilikuuliza, Mjomba, usukani nitashika lini? Ukasema mikono ina kiherehere, itajifunza yenyewe. Miguu ndiyo hufundishwa. Metui ulimfundisha hivyo, Lembris ulimfundisha hivyo, Inosenti mwanao ulimfundisha hivyo mpaka akakununia.

Kwa hiyo nimekufunga mikono. Ndani ya boksi ni pedeli.

Nilisimama dukani usukani huku, pedeli huku, na sauti niliyoisikia ilikuwa yako. Kasirika ukitaka, lakini usilirudishe. Naogopa, Mjomba. Naogopa nitakuja likizo nikukute umekaa pale pale, juu ya kiti kile kile, umeizunguka dunia nzima na hujafika mlangoni.

Anneth wako


Karatu
16 Mei 2004

Anneth,

Boksi limefika salama.

Mvua zinaelekea kuisha. Maharage yamestawi. Yule mbuzi mwekundu amezaa mapacha, mmoja amekufa. Inosenti hajambo. Mama Inosenti ameliweka boksi juu ya kabati.

Wasalimie wenzako wa chumbani.

Nikodemu Tarimo


Deira
13 Juni 2004

Shikamoo Mjomba,

Umeniandikia jina lako kamili kana kwamba nina wajomba wengi na ninaweza kuwachanganya. Nilicheka kwa sauti pale mapokezi, kisha nikaenda stoo ya mashuka nikalia. Pole kwa mbuzi. Joto la huku sasa halisemeki, ukitoka nje unahisi umefungua tanuri la mikate. Yule Mkenya amepata mchumba, fundi wa lifti. Tumemchunguza, tumempitisha.

Nimefikiri sana juu ya lile boksi. Bado naamini nilichagua sawa. Lakini mguu ni wako, na mtu mzima haamriwi mguu wake na mpwa aliyeko ng'ambo, hata kama mpwa ana haki. Abdulmajid anakuja tena mwezi wa nane. Nimeshaongea na lile duka, usukani wako umetengwa. Utaupata hata boksi likikaa juu ya kabati mpaka panya wazaliane humo. Sikuwekei sharti lolote. Nataka tu niendelee kusikia kwamba unaruka, maana barua yako ya mwisho haikusema kitu juu ya ndege, na hilo ndilo lililonitisha kuliko jina kamili.

Jambo jingine moja. Hakuna aliyeniambia, nakisia mwenyewe. Nadhani simu huikatai kwa ajili ya mtandao. Nadhani ulimi umekuwa mzito na hutaki niusikie. Mjomba, mimi huku naongea Kiingereza kutwa na watu ambao hawanielewi mara ya kwanza. Nasema tena. Mara nyingine nasema mara tatu. Hakuna aliyekufa.

Anneth


Karatu
18 Julai 2004

Anneth mwanangu,

Marahaba, marahaba, na nyingine ya akiba.

Tuanze na salamu kama watu waliolelewa. Mama Inosenti hajambo, amevuna maharage, anajisifu kwa majirani mpaka naona haya. Pacha aliyebaki anaruka kama kichaa. Inosenti ameonekana mara mbili na mwalimu wa hesabu kutoka Mbulu. Hatuulizi, tunasubiri tu. Baridi ya Julai imeshuka, ukungu unakaa barabarani mpaka saa nne. Mchague mume kwa uangalifu na nyie huko, fundi wa lifti anajua kupanda na kushuka tu.

Sasa sikiliza.

Ni kweli niliacha kuruka. Lile boksi lilikuwa juu ya kabati, na kila nikikaa kwenye kompyuta nalihisi linanitazama kisogoni. Nilikasirika nawe. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba maneno yale ya mikono na miguu ni yangu kweli, na mtu akikupiga kwa fimbo yako huwezi hata kulalamikia fimbo.

Jumapili ya juzi Metui na Lembris walipata siku moja kati ya safari mbili, wakaja. Lembris akaona boksi, akauliza ni nini. Kabla sijafungua mdomo Mama Inosenti ameshapanda juu ya stuli, amelishusha, amempa Inosenti alichomeke. Nilijua wamepanga, yule mama hapandi stuli bila sababu. Inosenti akakitengeneza kile kifimbo kiendeshe mabawa tu, chini ibaki kazi ya miguu.

Lembris akakaa. Akatia moto, ndege ikaanza kukimbia pale Manyara, vizuri kabisa. Ilipochanganya mwendo, dereva yule akakanyaga mguu wa kushoto abadilishe gia! Ndege ikakata kushoto ikaingia porini. Tukacheka. Akarudia, ikaingia pori lile lile. "Mzee, hii kitu noma," anasema, "inanichukia." Metui akamsukuma atoke, akakaa yeye. Naye akasema hawezi kufanya ujinga ule, na naye akakanyaga klachi. Wanaume wawili wanaoshusha wageni kreta kila siku, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuitoa ndege kiwanjani. Mimi nikasahau hasira zangu. Nikapiga kelele kwa ulimi wangu huu huu, "Acheni klachi! Ndege haina klachi!" Wakanigeukia. Nadhani walikuwa hawajanisikia nikipiga kelele tangu mwaka jana.

Metui akasema, "Basi mwalimu, tuonyeshe."

Ningekataa, lakini aliniita mwalimu, na hakusema babu. Nikakaa. Mguu wa kulia niliuweka mwenyewe. Wa kushoto Mama Inosenti aliuinua kwa mikono yake miwili, akauweka juu ya pedeli, akaufunga na kipande cha kanga usianguke. Hakunitazama usoni na mimi sikumtazama. Nikaruka. Nakuambia ukweli, niliruka vibaya. Kila nikigusa mguu wa kulia ndege inakwenda kulia, na sina cha kuirudisha, nangoja ijirudi yenyewe. Lakini nilifika kreta, nikazunguka juu ya ziwa, vijana wanaonyeshana kwa vidole, "Pale ndipo nilipokwama na wale Wajapani," "Pale ndipo mzee alipovuta Landrova ya bosi." Nikasahau kwamba nina miguu, mzima na mbovu. Nikarudi Manyara nikashuka. Magurudumu yakagusa chini, taratibu, hata kikombe cha chai kisingemwagika.

Sasa mbele yangu kiwanja kinakwisha, kuna ule ukingo wa bonde, na mimi niko kwenye mwendo. Nikafanya kile ambacho dereva yeyote hufanya akitaka kusimama. Sikufikiri, na hapo ndipo penyewe. Ningefikiri isingetokea.

Ndege ikakata kushoto. Ikatoka kiwanjani, ikaingia porini, ikabinuka.

Lembris aliruka juu. "Klachi! Mzee naye kakanyaga klachi!" Wakacheka, wakapigana mabega, mimi nacheka nao. Halafu nikaona Mama Inosenti hacheki. Amepiga magoti chini ya meza, anautazama mguu. Metui akamwona, akaacha kucheka. Kisha Lembris. Nje pacha wa mbuzi analia.

Maana ningekanyaga wa kulia peke yake, ingekwenda kulia. Kifimbo hakiwezi. Kanga haisukumi. Nilijaribu tena nikiuamuru, haukutii. Nikaruka tena, nikashuka tena, nikaacha kufikiri, na tena ndege ikaenda kushoto. Anneth, ulikwenda wenyewe, kwa mazoea ya kazi, kama punda anayejua njia ya mtoni. Nililia mbele ya vijana wangu na sikujali.

Jumatano nilirudi hospitali. Yule dada akaniwekea kopo lake. Nikamwambia, mwanangu, tafadhali usiniambie nisukume, niambie nibadilishe gia. Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, kisha akasema, "Haya, mzee, gia ya pili." Kopo halikuanguka. Lilisogea kama upana wa kidole. Yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi, na benchi zima likafuata.

Sijapona, usianze kutangaza. Kutembea bado ni fimbo na bega la Inosenti, na dada yule anasema huenda Landrova sitaiendesha tena. Hilo nimelisikia. Lakini kila siku baada ya uji Mama Inosenti ananifunga kanga, naruka, na kila siku naangusha ndege upande wa kushoto. Majirani wanasikia tukishangilia ajali, sijui wanatufikiriaje.

Kwa hiyo Abdulmajid akija mwezi wa nane, mwambie asibebe usukani. Waambie wale wa dukani wauuze. Mikono itajifunza yenyewe.

Na hili la mwisho. Jumapili ya kwanza ukishapata barua hii, baada ya ibada, piga simu ya Mama Inosenti. Ulikisia sawa, haikuwa mtandao. Nitaongea polepole, kama Landrova inayopanda na mzigo, na kuna maneno yatakayokwama njiani. Wewe subiri. Usikate.

Mjomba wako,
Niko